Koti la Babu na Kihenge cha Wangoni

Kila baridi ilipoingia, nyumba yetu ya Scarborough, huku Kanada, ilinuka naftalini, kwa sababu baba alilitoa koti la babu kabatini na kulitundika sebuleni, mahali ambapo mgeni asingeweza kukosa kuliona. Lilikuwa koti la jeshi, zito, rangi ya majani makavu, na vifungo vyake vingine vilikuwa vimekatika. Halikumkinga mtu yeyote na theluji. Kazi yake ilikuwa kumpa baba pa kuanzia: babu alilivaa Burma kwenye vita vya Wazungu, babu aliua maadui, babu alirudi akapokewa kwa ngoma, na sisi Wayao wa kijiji kidogo ambacho hata watu wa Tunduru wenyewe hukiulizia njia tulikuwa ukoo wa askari. Baba mwenyewe alikuwa akipakia mizigo kwenye maghala ya Malton, na msimamizi akimkemea, aliomba radhi hata kwa kosa lisilo lake. Akifika nyumbani alikuwa jemadari. Debe tupu haliachi kuvuma, na letu lilivuma mpaka majirani wa Kitamil wakamjua babu yangu.

Mwanafunzi wa kweli wa somo hilo alikuwa kaka yangu Rashidi. Baridi ninayoikumbuka mimi nilikuwa na miaka kumi, naye ndio kwanza anabalehe, mikono mirefu kuliko akili. Alikuwa akilivaa lile koti na kusimama wima mbele ya kioo cha lifti, akipanda na kushuka, akijipigia saluti. Kiswahili alikielewa, akajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa jengo letu. Alikwisha kutangaza kwamba akimaliza shule ataingia jeshini, kwa kuwa hiyo ndiyo damu yetu. Mama alimjibu "Inshallah" kwa sauti ile ile aliyowajibia wauza bima mlangoni.

Siku ya Idi akaja mzee Ngonyani, Mngoni aliyefanya kazi na baba huko Malton. Wangoni na Wayao ni watani. Babu zao walipigana hadi wakachoka, na tangu hapo mmoja anaweza kumtukana mwenzake hata msibani, na ni mwiko kukasirika. Unatukanwa, unarudisha. Mzee Ngonyani alikula pilau akashiba, akalitazama koti, akacheka mpaka akakohoa.

"Nyie Wayao hamna haya! Koti hili babu yenu kalinunua mnadani. Wazungu walipokuja kuchukua vijana wa vita, si alikimbilia kwetu Namtumbo? Babu yangu kamficha kwenye kihenge, akawa anatafuna mahindi makavu kama panya. Sie ndio tumewafuga!"

Tulicheka wote, na Rashidi alicheka kutushinda. Baba ndiye hakurudisha. Nilisubiri amtukane Ngonyani na ukoo wake mzima, kama alivyozoea kumfanyia kila siku kwenye simu, lakini aliinuka, akalitungua koti, akalifungia kabatini, akauliza nani anataka chai. Jikoni mama alikuwa anasuuza sinia. "Leo kasema kweli," akanong'ona, basi. Mwanamke aliyeweza kugombana na dereva wa basi hadi abiria wakaingilia alikuwa na neno la kumwokoa mwanawe, akalimwaga kwenye sinki pamoja na mabaki ya pilau. Nilipompelekea Rashidi neno hilo, aliniambia mimi mtoto, sijui hata utani ni nini.

Basi Rashidi akaingia jeshi la Kanada, akapelekwa vitani, akarudi na viungo vyake vyote lakini bila usingizi. Sasa amepanga chumba cha chini ya nyumba ya watu huko Mount Dennis, na mlango ukigongwa anakaa sakafuni. Chama cha watu wa kwetu, ambacho hakijawahi kumpelekea hata bakuli la uji, kimeamua kumtunukia ngao. Baba akanipigia simu niandike historia ya ukoo wetu isomwe ukumbini Jumamosi. "Anzia Burma," aliniagiza. Nyuma yake nilimsikia mama akiitikia. Nawadharau wanachama na tai zao, namdharau mama na kunong'ona kwake, na baba namdharau kuliko wote, kwa kuwa Jumamosi atalivaa lile koti na litamkaa vizuri. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kicheko kilikuja kwetu siku ya Idi, kikala pilau, nasi tukakisindikiza mlangoni. Katika ukoo mzima, mtu pekee ninayemheshimu leo ni yule aliyetafuna mahindi makavu.

Sikuandika kitu. Nilipanda basi hadi Mount Dennis, nikaketi sakafuni na kaka yangu, nikamsimulia tena habari ya kihenge, safari hii bila kucheka. Akaniuliza kwa Kiingereza babu aliishia wapi. Nikamwambia alitoka wale Wazungu wa vita walipoondoka, akarudi kijijini, akalima mpunga, akazeeka, akafa usingizini. Rashidi akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo sikumbuki kumsikia akiniambia nayo neno:

"Mbona mimi hamkunificha?"