Bomba la Kumi na Mbili

Watu walimwita Bwana Chupa, na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na mmoja alitoka maabara ya maji kila Jumanne akiwa na chupa kumi na mbili ndani ya kisanduku cha barafu, akayapitia mabomba kumi na mawili ya mji, moja baada ya jingine. Alikuwa mtu wa utaratibu mpaka akawachosha wenzake. Aliunguza mdomo wa bomba kwa moto wa spiriti, akaacha maji yatiririke huku akitazama saa, akakinga, akabandika karatasi yenye namba ya bomba. Kisha alitia kidonge kwenye kichupa cha pembeni: maji yakigeuka ya waridi, dawa ya kuua vijidudu imo, yakibaki vilevile, haimo. Akina mama wa foleni ya ndoo walimtania kwamba hata mkewe lazima ampime kwanza ndipo amsalimie. Alicheka nao, lakini hakuharakisha.

Bomba la kumi na mbili lilikuwa mwisho kabisa wa laini ya maji, juu kilimani, uani kwa dada yake mkubwa. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, na hakuna kitu kilichomvimbisha kichwa kama kazi ya mdogo wake. Majirani walichemsha maji ya kunywa, yeye hakuchemsha. Aliwaambia wanaunguza mkaa bure, kwani maji haya yanapimwa na ndugu yake wa tumbo moja, na yakiharibika yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kujua.

Sasa tazama jinsi mtu mzuri anavyooza taratibu. Mwaka mmoja maji ya kilimani yalikataa kugeuka ya waridi. Akarudia, yakakataa. Bomba lilikuwa limechakaa na kutoboka njiani, na dawa iliishia kwenye kutu kabla ya kufika juu. Aliandika ripoti. Mkuu wa maabara, mtu mpole mwenye ulimi wa asali, alimwita, akamvutia kiti, akamweleza kwamba bomba lile moja linauchafulia sifa mji mzima, kwamba bomba jipya limo kwenye mpango, na kwamba kwa sasa chupa ya kumi na mbili ingeweza kukingwa huku chini, karibu na tangi. Namba ingebaki ileile. Hakumtisha wala hakuwa na haja ya kumtisha, maana goti la Bwana Chupa lilikuwa limeanza kumsumbua na kile kilima kilikuwa kirefu. Akakubali, kwa muda tu. Muda huo ukawa miaka mitatu.

Mimi simwonei huruma. Goti lilimuuma, sawa, lakini kila Jumapili goti hilohilo lilimpandisha kilima kwenda kula kwa dada yake. Huko alijaribu, kwa uoga wake, kumwonya. Alimwambia achemshe maji, tahadhari tu. Dada akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Nichemshe maji unayoyapima wewe? Watu watanionaje?"

Neno moja lingetosha. Alilimeza pamoja na tonge, akasifia mchuzi. Yeye mwenyewe maji ya pale hakuyagusa tena. Akiletewa glasi alisema kifua kinamsumbua, akaomba chai.

Mvua kubwa zilipokuja, uchafu wa mitaro uliingia kwenye matundu ya bomba. Kilimani watu wakaanza kuharisha. Dada alilazwa Alhamisi, Jumamosi asubuhi akafariki. Ripoti ya Jumanne ya wiki hiyo ilisema chupa kumi na mbili, zote salama, na sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa ya Bwana Chupa.

Siku tatu baada ya mazishi, wafiwa walikuwa wameketi uani mchana. Binti wa marehemu alijaza jagi kwenye lile bomba, akaanza kugawa glasi. Jirani mmoja akasita, akauliza kama yamechemshwa. Binti akamjibu kwa sauti ya mama yake hasa kwamba maji haya yamepimwa na mjomba, asiwe na wasiwasi. Kisha wote wakamgeukia Bwana Chupa, wakingoja aitikie kwa kichwa. Kichwa hakikwenda. Aliona glasi ikipanda kuelekea mdomoni mwa yule jirani, akasimama.

"Msinywe," alisema. "Bomba hili sijalipima miaka mitatu."

Binti aliweka jagi chini polepole.

"Mama alijua?"

"Hapana."

Binti akamtazama, na ikaonekana wazi kuwa kuna jambo analikumbuka.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unaomba chai."

Bwana Chupa akaketi kwa aibu. Binti aliichukua ile glasi mkononi mwa jirani, akaja nayo mpaka alipoketi.

"Kunywa, mjomba."

Akanywa yote, mbele ya watu wote. Maji yalikuwa ya baridi, na hayakuwa na harufu wala ladha yoyote. Binti akapokea glasi tupu, akamwaga maji ya jagi chini, akaingia jikoni. Akateleka sufuria kubwa ya maji, akasimama kando yake kungoja yachemke.