Koo la Wattie Imrie

Wattie Imrie alizaliwa hapahapa Lochmuir, mji wetu mdogo wa Scotland, mtaa wa juu ya uwanja, na watu walimjua kwa sauti kabla hawajamjua kwa sura. Timu yetu ya Rovers ilimchukua akiwa bado na chunusi usoni, ikamuuza Dundee, na huko akacheza beki wa kati mpaka goti likamkatalia. Mbio hakuwa nazo, chenga ndiyo kabisa. Alichokuwa nacho ni kichwa kigumu, pua iliyopinda, na koo.

"Toka! Rudi! Wako huyo! Nimesema wako, pumbavu wewe!"

Washambuliaji walikuwa wakisema afadhali teke lake kuliko makelele yake.

Alipostaafu alirudi nyumbani na mkewe Netta, mwalimu wa shule ya msingi, na Rovers wakamkabidhi timu. Mimi nauza chai na pai za nyama ya kondoo kwenye kidirisha cha uwanjani, nyuma tu ya benchi la kocha, kwa hiyo mengi niliyasikia mwenyewe. Hata asiyetaka aliyasikia.

Msimu ule tulikuwa mkiani. Wachezaji wetu walikuwa watu wenye kazi zao: nahodha Gow alikuwa fundi bomba, kipa Struan aliendesha lori la maziwa. Wattie aliwapigia kelele tangu filimbi ya kwanza, na matokeo yake kila mpira ulipowafikia waligeuka kwanza kutazama benchi, wakingoja kuambiwa. Wakati wanatazama, mpira umeshaibiwa.

Mama Pirie, mjane anayekaa safu ya mbele kila Jumamosi, hakumwachia.

"Wattie! Meza mate, mwanangu! Hata ng'ombe wa Perth wamekusikia!"

"Mama Pirie, kunywa chai yako!"

"Imeshapoa kwa upepo wa mdomo wako!"

Ilipofika Novemba sauti ikaanza kukwaruza, kisha ikakatika katikati ya mechi, kama redio iliyochomolewa. Hospitali wakamkuta na vinundu kooni. Wakamfanyia upasuaji, na daktari akamwonya: asitamke neno mpaka baridi iishe, la sivyo hatasema tena maishani. Mwenyekiti wa timu alitaka kumtafuta kocha wa muda. Wattie akatikisa kichwa, akavaa koti lake, akaenda mazoezini.

Netta aliniambia siku moja dirishani, "Dada, jana nimelisikia birika likichemka. Miaka yote hii sikujua kama linapiga mluzi."

Mechi ya kwanza ya ukimya tulifungwa manne. Wachezaji waligeuka benchi wakamkuta mtu amesimama mikono mfukoni, macho yamemtoka. Nilimwonea huruma. Baada ya mechi alikaa peke yake chumba cha kubadilishia nguo, na Struan akarudi akamkuta. Struan mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Bosi," alimwambia, "ngoja nikuambie kitu leo, maana huwezi kunikatiza."

Akamweleza kwamba tangu alipovunjwa shavu na kiwiko cha mtu, kabla ya kila mechi hutapika. Mpira wa kona ukipigwa, miguu yake inaganda pale mstarini. Wattie alikuwa amemtukana kwa kuganda huko tangu Agosti, na hakuwahi kumuuliza sababu. Sasa alikaa akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akamshika bega, akalishikilia muda mrefu.

Mazoezi yaliyofuata alimleta Gow na beki mwingine mbele ya goli, akawaonyesha kwa mikono tu: ninyi mnamkinga kipa, naye anakuja kuuchukua. Walirudia kona mpaka taa zikazimwa. Na kwa kuwa kocha hakuwa na sauti, Gow akaanza kusema. "Nipo kushoto kwako, Struan. Njoo tu, hakuna atakayekugusa." Aliyasema kwa upole, kama anavyoongea na mama mwenye nyumba aliyefurikiwa na maji jikoni.

Wakaja Strathburn, mahasimu wetu. Tukaongoza kwa bao moja, mvua ikitupiga ubavuni, na dakika za mwisho wakapata kona. Mpira ukapaa, na nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia pale.

"Wangu!"

Struan akatoka, akapanda juu ya vichwa vyote, akaudaka na kuukumbatia. Nyuma yangu maji ya chai yalikuwa yanafurika, sikujali. Wattie alikuwa anarukaruka kwenye mstari, mdomo wazi, uso umeiva, bila hata mnong'ono.

"Jamani, mruhusuni apige kelele!" akasema Mama Pirie. "Atapasuka huyu!"

Hatukushuka daraja. Msimu uliofuata tulipanda.

Sauti ya Wattie ilirudi majira ya kuchipua, baridi ile ilipoisha, nyembamba na yenye mkwaruzo. Siku ya kwanza wachezaji walijipanga wakisubiri kimbunga. Wattie akakohoa, akasema, "Haya, Gow. Ulikuwa unasemaje?" Gow akaendelea pale alipoishia.

Miaka mingi imepita. Tulishuka, tukapanda, tukashuka tena, na hakuna aliyefikiria kumfukuza Wattie. Sasa kocha wa Rovers ni Gow, na Wattie anafundisha timu ya wasichana Jumapili asubuhi. Hao hawamwogopi hata kidogo.

"Kocha, hiyo haitawezekana," nahodha wao, Catriona, alimwambia wiki iliyopita.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu beki wao wa kulia ana mbio kuliko sisi wote. Ukituma watu wawili mbele, nani atamfuata?"

"Ningekuwa mimi ningempiga teke."

"Kocha!"

"Basi, basi. Wewe ungefanyaje?"

Akaketi kwenye nyasi mbichi, na wasichana wakamzunguka, wote wakisema kwa pamoja.