Mabinti Wawili na Mwalimu wa Damu

Shule nilisoma miaka miwili tu. Lakini cherehani zangu tatu, pale mtaani Gisimenti nilikoshonea watu nguo, nilizinunua kwa jasho langu, na sijawahi kumnyenyekea mtu kwa sababu amesoma. Kwa hiyo mwaka wa tisini na mbili mwalimu wa darasa la mwisho aliponiita shuleni, nilivaa koti langu zuri, nikakaa kabla hajanikaribisha.

Nilikuwa na mabinti wawili darasani kwake. Mmoja nilimzaa. Mwingine alikuwa wa rafiki yangu marehemu, mtu wa kabila jingine, nami nilimlea tangu hajaota meno. Huyo alikuwa wa kwanza darasani. Wangu alikuwa mkiani, na mwalimu alikataa kumwandika kwenye orodha ya mtihani wa kwenda sekondari.

Akanieleza eti wazungu zamani walipima vichwa na pua za makabila yetu, na kwamba akili mtu huzaliwa nayo.

"Mzee, wanakula sufuria moja, wanalala nyumba moja, na bado unaona tofauti. Ni damu tu. Huyu wako mfundishe kushona."

Nikamwambia mimi hupima watu kila siku, na utepe wangu haujawahi kuonyesha akili ya mtu. Nikatoka kwa hasira.

Nyumbani nilimkuta binti yangu na makoti matatu mapajani, anashona matundu ya vifungo. Ndiyo kazi yake kila jioni tangu ana miaka minane. Yule wa rafiki yangu alikuwa na daftari. Sindano sikuwahi kumpa, kwa kuogopa majirani waseme nimemgeuza yatima mtumishi. Hasira yote ikanigeukia mimi mwenyewe. Sufuria moja, ndiyo. Lakini jioni zao niliziachanisha mimi, kwa mikono yangu.

Nikarudi, nikamtaka mwalimu amwache binti arudie mwaka. Sindano nikamkataza. Matundu tukashona mimi na mke wangu, mke wangu akinung'unika.

Mwaka uliofuata akawa wa tatu darasani. Nikamuuliza mwalimu damu imekwenda wapi.

"Labda, mzee, upande wa mama yake kuna damu nyingine."

Nilitamani kumkaba. Nikamwambia aandike jina la mtoto kwenye orodha ya mtihani, kwa wino, mbele yangu. Nikasimama pale mpaka akamaliza herufi ya mwisho.