Bizari Haijui Kunenepa

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kijijini Moa, Sabra Sadalla ameketi juu ya kibao cha mbuzi ya nazi jikoni kwa watu. Mbele yake kuna mizani ndogo ya betri, mifuko miwili mitupu na kalamu. Mwenye nyumba, mama kijana aitwaye Asmahani, anamletea kopo la bizari nyembamba lililofutwa likang'aa.

"La wageni hilo," anasema Sabra. "Nipe la kila siku."

Asmahani anaona haya. "Bi Sabra, la kila siku halitazamiki. Utanicheka."

"Sicheki, mwanangu. Siku hizi sicheki kabisa."

Na kweli hacheki.

Sabra, mwenye miaka hamsini na miwili, ni mpimaji wa viungo vya jikoni. Mara mbili kwa mwaka hupita nyumba sitini, kuanzia Moa hadi Pongwe na Raskazone. Hupima kopo, hurudi baada ya siku saba kupima kilichobaki, kisha huchota vijiko viwili na kuvipeleka maabara. Mradi mmoja wa lishe unataka kujua watu wa pwani hii wanapata mafuta kiasi gani kwenye chakula, hata yale yaliyojificha ndani ya bizari. Ni kibarua cha siku arobaini kwa mwaka. Siku zilizobaki husuka makawa ya kufunikia chakula na kuyauza.

"Mwanzo walinicheka mpaka basi," anasema. "Wakaniita Mama Mizani. Mafuta ya bizari! Walidhani nimetumwa kukamua mawe."

Lakini bizari nyembamba ina mafuta yake, tena si haba: kama gramu ishirini na mbili katika kila mia. Ndivyo vipimo vya Sabra vilivyosoma miaka mitano ya mwanzo, kila nyumba. Mwaka wa sita, Moa na Pongwe zikasoma ishirini na tano. Wa saba, ishirini na nane. Mwaka huu, wa nane, thelathini na moja.

Ofisini walifurahi. Mchoro ulibandikwa ukutani, mstari umepanda vizuri, na mtu mmoja akapiga makofi akisema kwamba wanyonge sasa wanapata mafuta. Aliyenuna ni Zebedayo, fundi wa maabara, mtu wa maneno machache.

"Dada Sabra," alimwambia, "bizari haijui kunenepa. Humu wametia kitu."

Akaiweka chini ya hadubini, akaona vipande vya karanga. Si karanga nzuri, kwani nani atasaga karanga nzuri akaiuza kama bizari? Ni zile zilizoota ukungu, zilizokataliwa sokoni, zikakaangwa ili harufu ya ukungu ipotee, kisha zikasagwa pamoja na bizari na kufungwa kwenye vifuko visivyo na jina. Anayezichanganya hajulikani hadi leo. Kipimo cha pili kilionyesha sumukuvu, ile sumu ya ukungu inayokula ini polepole, na ambayo mama akiila hupita hadi kwenye maziwa yake.

"Niliposikia neno maziwa, nilikaa chini," anasema Sabra. "Mwanangu Wafa alikuwa ndani ya arobaini."

Wafa alijifungua mtoto wa kiume, Qais, na ameolewa Raskazone, katika nyumba ya mama mkwe wake, Bi Fakhria, wa familia yenye asili ya Oman. Nyumba hiyo imo kwenye orodha ya Sabra tangu mwaka wa kwanza. Mizani ndiyo iliyowajuanisha wazazi kabla vijana hawajajuana. Kila asubuhi mzazi, yaani aliyejifungua, hupewa maji ya bizari yaliyochemshwa ili maziwa yashuke, na jioni supu ya kuku iliyokolea bizari hiyo hiyo.

Hata hivyo Sabra alijituliza. Nyumba ya Bi Fakhria haikuwahi kupanda. Miaka yote minane ilisoma ishirini na mbili. Alilala kwa namba hiyo.

Wiki tatu zilizopita alikwenda kumwona mzazi. Ilikuwa siku ya thelathini na tatu tangu ajifungue. Akaingia jikoni amchemshie mwanawe maji, akanyoosha mkono kwenye lile kopo la shaba alilolipima miaka yote.

"Siyo hilo, Bi Sabra," akasema Bi Fakhria. "Hilo la wageni, na wageni humu hawakatiki, huwa nasaga mwenyewe. La mzazi lile pale, la dukani."

"Na mimi miaka yote nilikuwa napima lipi?"

"La wageni, alaa! Ulikuja na mizani yako, ulikuwa mgeni. Mgeni hupewa kilicho bora."

"Hata baada ya kuwa mkwe?"

"Mkwe ndiye mgeni mkubwa kuliko wote."

Sabra akafungua lile la dukani, akanusa. Karanga. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Mgeni huyu alikuja miaka minane, na mwenyeji akaumia kwa adabu yake mwenyewe. Bi Fakhria alipoelezwa alilia kuliko wote, akalimwaga kopo zima, isipokuwa vijiko viwili ambavyo Sabra alivizuia kwa ajili ya maabara.

Daktari amesema bizari hiyo isitumike tena, lakini mtoto aendelee kunyonya; anaongezeka uzito, wamwangalie tu. Maneno ya kutuliza, ila Sabra hayajamtuliza.

"Wafa hunipigia kila alfajiri. 'Mama, nimnyonyeshe?' Namwambia mnyonyeshe, daktari kasema. Nikikata simu, nabaki nimeishika. Naogopa. Sijui neno jingine."

Ameiandikia ofisi barua, akikiri kwamba hajui nyumba ngapi zilimpa kopo la wageni, na akiomba namba zake za miaka minane zisiaminiwe. Huenda kibarua kikaota nyasi. Bila kusubiri jibu ameanza upya, nyumba hadi nyumba, na Moa ni ya kwanza.

Asmahani anarudi na kopo la maziwa lililobonyea, mfuniko haufungi. Sabra analinusa, anasikia karanga, anachota vijiko viwili. "Usipikie hii, mwanangu," anasema. "Nunua nzima, saga mwenyewe. Nitapita kukufundisha kuchagua."

Mpango wake ni kuzimaliza nyumba zote sitini kabla ya Ramadhani. Kwake mwenyewe ameshaanza. "Sasa nina kopo moja tu. Mgeni akija, atakula tunachokula."

Majibu ya kopo la Raskazone yanatoka Alhamisi. Anafunga mfuko, anaandika tarehe, kisha anausoma tena mwandiko wake.

"Miaka minane nimeandika namba bila kuziombea dua," anasema. "Hii ya Alhamisi naiombea kila swala. Ishirini na mbili, ya Rabi. Ishirini na mbili tu."