Chumvi Iliyobaki Kiooni

Adelard alizaliwa Bukoba, kando ya Ziwa, na mpaka anakuja kufanya kazi Dar es Salaam alikuwa hajaonja maji ya bahari. Siku ya kwanza kufika Kimbiji aliyachota kwa kiganja akayanywa, kama anywavyo mtu wa Ziwa, kisha akayatema, na wavuvi wakacheka mpaka wakakaa chini. Kisa hicho alikuwa akikisimulia mwenyewe kwa furaha. Siku hizi hakisimulii tena.

Ni mtu wa miaka hamsini kasoro, fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari huko Mbagala. Anakaa Chamazi, katika nyumba yenye wapangaji watatu wanaotumia uwanja mmoja na bomba moja. Stashahada yake ameitundika sebuleni, na chini yake aliweka tangi la kioo lenye maji ya bahari. Wenzake wanaopenda mambo hayo hufuga samaki wa rangi. Yeye alifuga wale ambao watu huwakanyaga ufukweni bila kuwatazama: viti vya pweza viwili, wale wenye umbo la nyota, kamba wadogo wenye mistari, jongoo bahari mmoja, na kaa wanne wa aina ile inayobeba ganda la konokono mgongoni.

Viumbe hao hawana uti wa mgongo, wala hawamjui anayewalisha, lakini walimlipa. Akitoka kazini, masikio yakiwa bado yamejaa kelele za wanafunzi, aliketi akakitazama kiti cha pweza kikipanda kioo kwa vijiguu mia vyembamba kama uzi, kwa mwendo usioonekana, na pumzi yake mwenyewe ikatulia. Akitumbukiza mkono, kamba walikuja kumsafisha kucha. Siku kaa mmoja alipohama ganda lake, alilipima kwanza lile jipya kwa mguu, akachungulia ndani, akageuka huku na huku kama mpangaji mwenye mashaka, halafu akaruka uchi kutoka nyumba moja hadi nyingine. Adelard alipiga makofi peke yake.

Kisha akaja mama mkwe wake, Bibi Rosalia, kutoka Mtwara, kutibiwa mguu. Akapewa kitanda pale sebuleni.

Mkwe na mkwe hawana mazungumzo marefu. Husalimiana, huulizana habari, na kila mmoja hutafuta pa kuelekeza macho. Tangi liliwapa pa kuelekeza macho. Asubuhi Adelard akinywa chai, mama akiwa kwenye kigoda chake, waliongea huku wote wawili wakitazama kioo, na kwa njia hiyo wakasemezana mambo ambayo hata Anna, mke wa Adelard na binti wa yule mama, alikuwa hajayasikia. Bibi Rosalia alisimulia usichana wake katika mashamba ya chumvi, jinsi walivyoyafungia maji ya bahari kwenye majaruba na kuyaachia jua.

Siku moja alimwona Adelard akimimina dumu la maji ya Kimbiji tangini, kama alivyofanya kila Jumamosi, kufidia yaliyopungua kwa joto.

"Baba, hayo unayoongeza ni ya bahari?"

"Ya bahari, mama."

"Jua hunywa maji tu. Chumvi huiacha. Ungeongeza ya mvua."

Adelard alicheka, kwa adabu lakini alicheka. "Mama, hawa ni watu wa bahari. Ya mvua yatawaua."

Mama akarudisha macho kwenye kioo. Alikuwa amefika darasa la nne tu, na mbele yake, ukutani, ilining'inia stashahada.

Mwezi wa tatu tangu mama aje, asubuhi moja, Adelard alikuta kamba wote wameelea wakiwa weupe, viti vya pweza vimelegea na kimoja kimekatika mkono, jongoo bahari ametapika matumbo yake. Chini ya kitanda cha mama mkwe palikuwa na majivu ya dawa ya mbu, ile ya kuwasha. Mama mwenyewe alikuwa uani ananawa uso.

Mtu mwenye maabara angepima kwanza. Adelard hakupima. Aliingia chumbani kwa mkewe, na nyumba ile haina dari; ukisema chumbani, uwanja mzima unakusikia.

"Mama Isack! Mama yako ameniulia viumbe vyangu! Mtu hawezi kusoma hata karatasi ya dawa, kwa nini alale sebuleni?"

"Baba Isack, punguza sauti. Yuko hapo nje."

"Asikie!"

Bomba la uani likafungwa. Mwanaasha, mpangaji wa chumba cha mbele, aliyekuwa akikosha vyombo, akasema kwa sauti ya kusikika, "Makubwa haya! Mkwe anasutwa kama mwizi wa kuku."

Saa nne Bibi Rosalia alikuwa amefunga mfuko wake. Hakulia. Alimwambia Anna kwamba mguu umepona, akaenda Mbagala kwa mwanawe Albano.

Adelard hakulisafisha tangi. Alisema hana moyo. Kaa mmoja tu ndiye aliyebaki hai, na Adelard aliendelea kumtupia punje za dagaa bila kuongeza maji. Wiki ya tatu maji yalikuwa yameshuka upana wa vidole vinne, na pale yalipoishia mwanzo paliota ukoko mweupe kuzunguka kioo chote. Aliukwangua kwa ukucha, akaonja. Ilikuwa chumvi.

Jumatatu alichukua chupa ya maji yale hadi maabara, akayafidia kwa maji yasiyo na chumvi kiasi kilichopungua, akatumbukiza haidromita, kipimo cha uzito wa maji. Kifaa kilipanda juu kuliko alivyowahi kukiona kikipanda katika maji ya bahari. Alirudia mara nne. Mwanafunzi akifanya kosa hilo yeye humwandikia kwa wino mwekundu: *Ulipuuza taarifa uliyopewa.* Dumu baada ya dumu alikuwa amemimina chumvi juu ya chumvi, akiamini analisha bahari. Alikuwa ameambiwa, naye akamfukuza aliyemwambia.

Kwa siku sita alikula bila kuhisi ladha. Anna alikuwa akimwekea chakula na kuondoka. Ndipo akamwendea Revelian, mwenzake wa Bukoba, aliyekuwa mshenga wake wakati wa posa, maana mkwe aliyekosewa haendewi bila mshenga.

Revelian alimsikiliza, akaguna. "Sasa wewe unataka kujishitaki? Tunakwenda na sukari kilo mbili, tunasema yamepita, mama anarudi. Nani atakuuliza ishu za haidromita?"

"Ni uongo huo."

"Ni adabu, braza. Uongo ni kitu kingine."

Lazima hili lisemwe: wazo lile lilimvutia Adelard.

Jumapili baada ya misa walifika kwa Albano. Bibi Rosalia aliwakalisha kwenye mkeka, yeye akakaa kando, uso ameuelekeza ukutani. Ukutani hapo hapakuwa na tangi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Revelian akakohoa, akaanza hotuba yake ya sukari. Mama akamkatiza.

"Msijisumbue. Mimi ndiye niliyewasha ile dawa. Mbu walinizidi. Nimeungama hata kwa padri. Baba Isack, unisamehe."

Revelian akamgusa Adelard kwa kiwiko. Mlango ulikuwa wazi. Neno moja tu, *nimekusamehe*, na yote yangekwisha. Adelard alimtazama mwanamke yule wa miaka sabini aliyekwenda kuungama dhambi ya mtu mwingine, akaona aibu iliyoishinda ile ya kusema ukweli.

Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaifungua mbele yake. Ndani palikuwa na ule ukoko mweupe.

"Hukuua wewe, mama. Niliua mimi. Ulinionya, nikakucheka."

Mama aliugusa kwa kidole, akaonja.

"Chumvi nzuri," alisema. Kisha: "Nimeelewa, baba. Lakini hapa umesema kwa sauti ndogo."

"Mama?"

"Siku ile nilikusikia mimi, akakusikia Mwanaasha, wakakusikia wote wa uwanja. Sauti ile unayo bado. Kaitumie. Nikisikia umeitumia, nitakuja kumwona huyo kaa."

Sukari aliipokea, lakini hakuwasindikiza.

Jioni ile Adelard alisimama katikati ya uwanja wa nyumba yake. Anna alikuwa mlangoni. Wapangaji walikuwa wakiota upepo, na Mwanaasha alikuwa bombani na ndoo zake. Adelard alianza kwa sauti ndogo.

"Mama mkwe wangu hakuua. Niliua mimi, kwa kiburi changu..."

"Hatusikii, Baba Isack!" alisema Mwanaasha. "Maji yanapiga kelele. Ngoja."

Akafunga bomba. Uwanja mzima ukawa kimya.

"Haya. Anza upya."

Akaanza upya.