Medius Airudisha Pikipiki Steji

Medius, mwanamke wa Bwera, alikuwa na mkono mzito kwenye akseleta, na hilo hata mama yake mzazi hakulibishia. Alibeba watu na mizigo kwa pikipiki kuukuu, akiipandisha milima ya Mahango kana kwamba anafukuzwa. Sasa jamani, mtu mwenye haraka hivyo atatulia achague oili ya maana? Alinunua ile iliyokwisha kutumika kwenye malori, inayouzwa kwenye chupa za maji. Siku moja mlimani, na magunia mawili ya kahawa nyuma, injini ikanoki, ikakwama kabisa. Akapiga kiki, kiki haikushuka hata kidogo.

Pale steji, kwenye kijiwe chao cha pikipiki, wanaume walimcheka kwanza, kisha wakamwonea huruma, na huruma ndiyo iliyomuuma. Sheria yao ilikuwa ngumu: nafasi ni ya pikipiki inayotembea, si ya mtu. Mzee Kiiza, mwenyekiti wao, alimpa mpaka siku ya soko. Pikipiki ije kwa nguvu zake, kuileta kwa gari marufuku. La sivyo nafasi angepewa Mugume, aliyekuwa akiimezea mate tangu zamani. Na bila steji, Medius angerudi kulima mashamba ya watu, kazi aliyoapa kutoishika tena.

Fundi Hilaire, Mkongo wa Butembo mwenye gereji Kasese mjini, aliifungua injini, akaguna. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda. Akaichonga silinda, akaweka pistoni mpya na ringi zake, akamaliza asubuhi ile ile ya soko. Medius akarukia kiti. Hilaire akachomoa ufunguo.

"Mama, hii moteri iko sawa na mutoto muchanga," alimwambia. "Wiki moja usipakize mutu. Usikimbize. Ukikimbiza, itakufa tena, na mimi sitaifungua."

Masikini Medius! Kasese mpaka Bwera kwa mwendo wa kobe? Malori yakampita. Baiskeli ya muuza maziwa ikampita. Karibu na Kikorongo akapitwa na Mugume mwenyewe, anapiga honi, anamuuliza kama anasindikiza maiti. Mkono ulimwasha. Akameza hasira, akaenda zake taratibu. Injini ilipopata joto aliipumzisha kando ya barabara, jua likizidi kupanda.

Alipofika steji, Mugume alikuwa ameshaegesha mahali pake. Medius hakuzima injini. Mzee Kiiza akainama, akaisikiliza inavyonguruma, haikohoi wala haitoi moshi. Akanyooka.

"Mugume, toa yako."

Mugume akabisha kwamba kitu hicho hakiwezi kumpita hata mbuzi.

"Imefika," alisema Kiiza. Mugume akaisukuma yake pembeni.

Mama mmoja mwenye mkungu wa matoke akaja mbio kupanda. Medius akamwambia kwa adabu kwamba wiki hii hapakizi mtu, amsubiri. Mama akajibu kwamba atamsubiri, hapandi ya mwingine. Basi Medius, ambaye hakuwahi kutoa chozi mbele ya wanaume wale, akalia steji nzima ikimtazama, akalia huku anacheka, na injini bado inanguruma chini yake.