Kitabu cha Wageni cha Mjomba

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilimtengenezea mjomba tovuti ya gesti yake pale Shinyanga, nikaweka na kitabu cha wageni ili wanaoisoma waache ujumbe. Nilikoma! Ndugu waliokuwa masomoni ng'ambo wakakijaza shikamoo tupu, naye akaning'ang'aniza nimwitikie kila mmoja marahaba, huku laini ya simu ikikatika kila mara.

Siku moja mtu aliyekuwa anakuja Bugarama kwa kazi za dhahabu akaandika: "Nataka vyumba sita, mwezi mzima." Nikamwita mjomba mbio. Akasoma, akakunja uso.

"Hata salamu hana. Mfute."

"Mjomba, vyumba sita! Gesti nzima haina mtu!"

"Mfute, nimesema. Na kuna shikamoo mbili hapo juu hujaziitikia."